Mtindo wa Ijumaa na Mtindo wa Jumanne: Miaka Yangu Kwenye Poka ya Mtandaoni

Ijumaa moja usiku, mwaka 2017, mtu nisiyemjua sura wala jina alifuata dau langu la paundi 4 na peni 15 akiwa na jozi ya saba. Mgawo ule naukumbuka karata kwa karata, kuliko hata migawo niliyoshinda.

Kwa asiyeijua poka: kila mtu hupewa karata mbili za siri, tano hufunuliwa mezani kwa wote, na katika kila hatua unaweka dau au unapita bila kuweka kitu, na mwenzako akiweka, unafuata, unapandisha juu yake au unatupa karata na kujitoa. Meza ilikuwa ya watu sita, madau ya lazima, yale ambayo watu wawili huweka kwa zamu kabla ya karata kugawiwa, peni 2 na peni 5, na sote wawili tulikuwa na paundi 5. Nilikaa kwenye kiti cha mgawaji, ambacho ni kiti bora kuliko vyote, maana karata za mezani zikishaanza kufunuliwa aliyekaa pale huamua wa mwisho, akiwa ameshawaona wenzake wamefanya nini. Nikapewa tisa na nane za shupaza. Nikapandisha hadi peni 15, wote wakatupa isipokuwa yule wa dau kubwa la lazima. Zikafunuliwa karata tatu za mezani: mfalme wa kopa, saba ya pau, mbili ya uru. Akapita. Nikaweka peni 20, akafuata. Karata ya nne, tatu ya pau. Akapita, nikaweka peni 50, akafuata tena. Karata ya tano, nne ya kopa. Mezani palikuwa na paundi 1 na peni 72, na mimi sikuwa na hata jozi. Alipopita mara ya tatu nikasukuma zote zilizobaki.

Kwenye poka ya mtandaoni humwoni mtu akijikuna wala akimeza mate. Kuna kamstari tu kanakopungua pembeni ya jina lake, ndiyo saa yake. Kamstari kale kakapungua mpaka kakabaki kama uzi, nami nimekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi namwambia kimoyomoyo, tupa, tupa. Akafuata. Saba na sita. Jozi ya saba ikachukua kila kitu.

Nilimwona mjinga. Ni mtu gani anayeweka paundi zake zote kwa jozi ya saba wakati mfalme yuko mezani na mwenzake amepiga mfululizo mara tatu? Nilikwenda kulala na hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Ilinichukua zaidi ya mwaka kukubali kwamba aliyekosea usiku ule ni mimi, na kwamba kosa lenyewe lilianza siku nilipochagua mtindo wa kucheza, ule wa kushambulia, kupiga madau hata nisipokuwa na karata, miezi mingi kabla ya karata zile kugawiwa.

Nilifika Leicester, Uingereza, mwaka 2014. Kama wengi wetu huku, nilianza kubeba boksi: ghala kubwa nje ya mji, zamu ya usiku, saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, Jumapili mpaka Alhamisi. Ukitoka zamu ya usiku usingizi hauji mara moja. Mwili umechoka lakini kichwa kinazunguka, na nje watu ndiyo kwanza wanakwenda kazini. Katika saa hizo mbili tatu za kungoja usingizi ndipo nilipoanza poka, mwaka 2016, na karata hazikuwa ngeni kwangu. Nimekulia Tanga, mtaa wa Ngamiani, na barazani kwa baba mdogo karata na dhumna zilichezwa kila jioni. Hakuna aliyeweka shilingi pale. Kamari haikutajwa kwa wema nyumbani kwetu, na najua wasomaji wengi wa haya watakuwa na msimamo huo huo. Siandiki kumshawishi yeyote aanze. Naandika kwa sababu wapo vijana wetu wengi wanaocheza tayari, na wanaingia kwa mlango ule ule mbovu nilioingilia mimi.

Mlango wenyewe ulikuwa video. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingia kwenye shindano kuu la dunia la poka kule Las Vegas kupitia mashindano madogo ya mtandaoni yaliyomgharimu chini ya dola 100, wakati kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000. Walikuwa watu 839. Akabaki yeye na Sammy Farha, mchezaji wa siku nyingi, mtu wa pesa kubwa. Katika mgawo ambao kila mcheza poka ameutazama, Moneymaker alikuwa na mfalme na saba, hana jozi, hana kitu. Farha ana jozi ya tisa, jozi kubwa kuliko zote zinazoweza kutoka kwa karata za mezani. Moneymaker akasukuma zote. Farha akawaza, akazungumza naye, akamchungulia usoni, mwishowe akatupa. Muda si mrefu Moneymaker akawa bingwa na dola milioni 2.5.

Nimeitazama video ile mara nyingi mno. Kila nilipoitazama niliuona ujasiri wa Moneymaker, sikumwona Farha. Sikuona kwamba mkwara ule, yaani kuweka dau kubwa bila karata ili mwenzako aogope atupe, ulifaulu kwa sababu upande wa pili alikaa mtu anayejua kutupa jozi ya tisa. Farha alisikiliza hadithi aliyosimuliwa na madau, akaipima, akaiamini. Yule bwana wangu wa Ijumaa hakuwa akisikiliza hadithi yoyote. Alikuwa na jozi, alitaka kuona, akalipa aone. Mimi nilikuwa nampigia mkwara mtu aliyeweka pamba masikioni.

Baadaye nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla. Niliweka paundi 4.15 ili nichukue paundi 1.72. Ili dau kama hilo lisinitie hasara, mwenzangu alipaswa kutupa mara 7 kati ya 10, na zaidi kidogo. Mtu ambaye nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akifuata karibu kila dau tangu nikae!

Lakini mtindo wa kushambulia si upuuzi, na sitaki kijana asome hapa akadhani nauponda. Una sababu nzito. Ukiwa na karata mbili tofauti mkononi, karata tatu za kwanza za mezani hukupa jozi au zaidi kama mara 1 tu kati ya 3. Mwenzako naye yuko hivyo hivyo. Kwa hiyo mara nyingi nyote wawili mmelamba garasa, na anayepiga kwanza huondoka na kilichopo. Juu ya hesabu hiyo wapo watu waliojenga nyumba. Ila hesabu yenyewe imesimama juu ya neno moja: mwenzako awe tayari kutupa.

Baba mdogo alikuwa na tabia barazani ambayo sikuielewa nikiwa mtoto. Karata zikigawiwa, hakuziinua zake mpaka wenzake wameziinua zao. Aliziacha chini, kofia amesogeza nyuma kidogo, anawatazama wao wanavyozifungua. Wengine walimwambia mzee, chukua karata zako bwana, unatuchelewesha. Hakujibu. Mimi nilidhani ni maringo ya mtu mzima. Miaka thelathini baadaye, nikiwa nimekwisha kuliwa mtaji mara mbili, ndipo nilipoelewa alikuwa akifanya kazi gani.

Mwaka 2018 nikahamia upande wa pili kabisa, nikawa mbanaji, mtu anayeingia na karata nzuri tu. Niliweka sheria na kuibandika ukutani: jozi kubwa, ree na mfalme, ree na malkia, na nyingine chache sana. Kilichobaki nikitupe bila kufikiri. Katika kila migawo 100 niliingia kwenye 12 hivi, wakati wachezaji wazuri wengi wa meza za watu sita huingia mara 1 kati ya 4 au 5. Kwenye meza zile za peni 5 ulikuwa mtindo sahihi, nakiri. Wale wale waliokuwa wakinifuata na jozi ya saba sasa walinifuata nikiwa na ree mbili. Nikapanda meza za peni 10. Nikajaza mtaji kidogo kidogo mpaka paundi 600, nikapanda tena, meza za peni 10 na 25, ambako unakaa na paundi 25.

Jumanne moja asubuhi, nimetoka zamu, bado nimevaa suruali ya kazi, nikapewa ree mbili. Karata hizo huja mara 1 katika migawo 221, na nilikuwa nimezingoja siku tatu. Nilikuwa kiti cha kwanza kuamua. Nikapandisha hadi peni 75. Watu watano wakatupa wote, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka. Nikachukua yale madau mawili ya lazima, peni 35. Karata dume mkononi, peni 35 mfukoni.

Kwenye meza zile wachezaji wa kila siku hutumia programu zinazohesabu kila unachofanya, na mbele ya jina lako huweka namba. Mbele ya jina langu waliona 12. Namba hiyo iliwaambia: huyu akipandisha anazo, kimbia, huyu akiwa kwenye dau la lazima hana, mchukulie. Na walinichukulia. Mmoja aliyekaa kulia kwangu alipandisha karibu kila mara ilipokuwa zamu yangu ya dau la lazima, nami nikatupa, kwa sababu sheria yangu ya ukutani ilisema nitupe. Meza ya watu sita inakupitishia madau yote mawili kila migawo sita. Kwa meza ile ni karibu paundi 6 kila migawo 100, unalipa hata kama hujacheza karata moja. Mbanaji hudhani kungoja ni bure.

Hapo nikafanya kosa la tatu, kubwa kuliko yale mawili. Nilipandwa na mori. Nikaamua nirudi kushambulia, lakini safari hii kwa hasira, kwenye meza nne kwa mpigo, simu moja na kompyuta ya mkononi, saa 1 asubuhi baada ya zamu, mwezi Januari 2019. Kufika saa 3 nilikuwa nimeliwa paundi 100. Huku ni mshahara wa siku nzima ya boksi, na zaidi.

Mke wangu alirudi kutoka kumpeleka mtoto shule akanikuta pale pale mezani. Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi. Nilijiandaa kuulizwa kuhusu pesa. Hakuuliza. Alisema, "Baba, mara ya mwisho umelala lini?"

Sikuweza kumjibu. Nilihesabu kwa vidole. Nilikuwa nimelala kwa saa nne tu, jana yake mchana.

Nilikuwa na daftari la kijani ambamo niliandika tarehe, meza, na nimeshinda au nimeliwa kiasi gani. Siku ile ile, nilipoamka jioni, nikachora safu tatu zaidi: nimeanza saa ngapi, nimelala kwa saa ngapi kabla ya hapo, na wenzangu mezani ni wa namna gani. Hiyo ya mwisho niliiandika kwa maneno mawili tu, "wanafuata" au "wanatupa". Nikarudi meza za peni 10. Nikaandika miezi sita bila kujumlisha, kwa makusudi, ili nisianze kujidanganya njiani.

Mwezi Julai nikajumlisha. Vikao 84. Vya baada ya zamu vilikuwa 52, na nilikuwa nimeliwa paundi 143. Vya siku za mapumziko vilikuwa 32, na nilikuwa nimekula paundi 96. Najua vikao 84 ni vichache. Kwenye mchezo huu bahati inaweza kukaa upande mmoja kwa muda mrefu kuliko huo. Lakini ile safu ya mwisho ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Ijumaa na Jumamosi usiku, karibu kila mstari: wanafuata. Jumanne, Jumatano, Alhamisi asubuhi, karibu kila mstari: wanatupa.

Ukifikiri, ni lazima iwe hivyo. Ijumaa usiku mezani wamo watu waliotoka baa, watu waliomaliza wiki yao, wanataka kucheza, wanataka kuona karata. Hawakuja kutupa. Saa 1 asubuhi Jumanne amebaki nani? Wamebaki wanaoishi kwa poka, waliolala vizuri, wenye programu zao. Na mimi nilikuwa nafanya kinyume cha mambo. Ijumaa, nikiwa nimelala na kichwa chepesi, nilijiona mwerevu, basi nikapiga mikwara kwa watu wasiotupa. Jumanne, nikiwa nimechoka, nilijua siko sawa, basi nikabana na kujificha mbele ya watu ambao kubana kwangu ndiko walikokula. Mtindo wa Ijumaa nilikuwa naucheza Jumanne, na wa Jumanne naucheza Ijumaa.

Watu wakizungumzia mtindo wa kucheza huuliza, wewe ni mtu wa namna gani, mkali au mpole? Kama vile ni nyota ya kuzaliwa. Mimi sasa naamini hilo ndilo swali lililonipotezea miaka mitatu. Niliuchagua mtindo kama mtu anavyochagua jezi, kwa kumpenda aliyeivaa. Nilitaka niwe mtu asiyeogopa. Ghalani siku nzima unaambiwa na mashine boksi lipi ulibebe na kwa sekunde ngapi, kisha unakuja mezani na hapo angalau mtu mwingine akuogope wewe. Hilo nilikuwa nalihitaji kweli, na silionei aibu, ila halikuwa na uhusiano wowote na karata.

Tangu hapo Ijumaa nacheza hivi. Kwenye viti vya mwisho naingia na karata nyingi, hata za wastani, kwa sababu nataka kuwa kwenye migawo pamoja na watu wanaofuata. Nikikosa, napiga dau moja dogo, likifuatwa, nimeacha. Nikipata, naweka kikubwa, na naweka mpaka karata ya tano. Hapa ndipo ilikuwa vigumu kwangu kuliko mahali pengine, maana mbanaji aliyeko ndani yangu huogopa karata ya mwisho.

Mgawo mmoja wa mwaka ule wa 2019, mwezi Oktoba, ulinithibitishia. Meza ya peni 10. Nina mfalme na kumi, kiti cha mgawaji, nimepandisha hadi peni 30, amefuata mtu wa dau kubwa la lazima ambaye kwenye daftari nilishamwandika "anafuata" mara mbili. Mezani: mfalme, tisa, nne, hazifanani alama. Peni 50, akafuata. Sita. Paundi 1 na peni 20, akafuata. Karata ya tano, mbili. Mezani paundi 4 na peni 5. Zamani hapo ningepita. Ningejiambia huenda ana mfalme na ree, huenda ana jozi mbili, acha nizione karata bure. Nikamkumbuka baba mdogo na karata zake zilizolala chini. Nikaacha kuzitazama zangu, nikamtazama yeye: mtu huyu ana nini kinachoweza kunifuata? Vitu vingi, na vingi kati ya hivyo ni dhaifu kuliko changu. Nikaweka paundi 3. Kamstari kakapungua, kakapungua. Akafuata. Tisa na nane.

Zilikuwa zile zile nilizokuwa nazo mimi usiku ule wa 2017, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na jozi. Nilifurahi, sikatai, lakini zaidi ya furaha nilisikia mzigo umetua, kama ghalani boksi la mwisho linapoingia kwenye lori.

Jumanne asubuhi nacheza mara chache sana sasa, na nikicheza ni meza moja, dakika 45, saa ya jikoni ikilia nafunga. Viti vya mwanzo nabana. Kiti cha mgawaji najiachia, napandisha na karata nyingi, kwa sababu watu wa saa ile wanajua kutupa na peni zao za lazima zinachukulika. Na yule wa kulia kwangu akinichukulia mara ya tatu, simfuati kwa hasira. Nampandishia juu yake mara moja moja, nikiwa na karata nzuri na nyakati nyingine nikiwa na za wastani, ili namba iliyo mbele ya jina langu isimwambie kila kitu. Mikwara mikubwa ya karata ya tano nimeiacha kabisa asubuhi. Inataka ukumbuke mgawo wote tangu mwanzo, nani alifanya nini na kwa nini, na kichwa kilichobeba boksi saa nane hakikumbuki.

Kuna wakati nilidhani jibu ni kutokuwa na mtindo kabisa. Januari 2017, kwenye kasino moja ya Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, kazi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza migawo 120,000 kwa siku 20 dhidi ya mabingwa wanne wa poka ya watu wawili, ikawashinda wote. Iliwachosha kwa sababu haikushikika: karata zile zile leo inatupa, kesho inapandisha, kesho kutwa inasukuma zote. Nilijaribu kuiga kuchanganya huko. Nilichogundua ni kwamba mchanganyiko ule ni kinga dhidi ya watu wanaoweza kukuadhibu ukitabirika. Mlevi wa Ijumaa hakuadhibu. Ukijificha mbele yake unajificha mbele ya mtu ambaye hakutafuti.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapo sina maarifa mapya, nina ukali tu. Naweka kwenye akaunti ya poka paundi 30 kwa mwezi, zisizidi, na kikomo hicho nimekiweka kwenye akaunti yenyewe, sikuachia utashi wangu. Mwenye meza hukata karibu asilimia 5 ya kila mgawo unaofika mbali, kwa hiyo hata mkiwa sawa kwa uwezo, wote mnapungua. Huku Uingereza tangu Aprili 2020 ni marufuku kucheza kamari kwa kadi ya mkopo, na aliyeshindwa kujizuia anaweza kujiandikisha GamStop, huduma ya kujizuia kamari ya mtandaoni, na kwa kujiandikisha huko mara moja akafungiwa kwenye tovuti zote zenye leseni ya hapa. Mtu tuliyekaa naye nyumba moja alijiandikisha. Nilikuwa naye siku hiyo, nikamchemshia chai, na namheshimu kuliko mchezaji yeyote ninayemjua.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, anaendesha bodaboda Tanga, alinitumia sauti: "Mjomba shikamoo. Naona watu wanacheza poka kwenye simu hapa kijiweni. Nifundishe, nicheze kwa kubana au kwa kushambulia?" Nilimwuliza anataka kucheza saa ngapi. Akasema wakati anangoja abiria. Nikamwuliza, na abiria akija katikati ya mgawo? Kimya kidogo, halafu: "Natupa, mjomba, naondoka." Nikamwuliza pesa ya kuwekea ataitoa wapi. Hapo kimya kilikuwa kirefu zaidi. Ilikuwa hesabu ya bosi, ile anayopaswa kuipeleka kila jioni kwa mwenye pikipiki.

Nilimpigia, tukazungumza karibu saa nzima. Nilimwambia hesabu ya watu haiguswi, na hilo halina mjadala kati yangu na yeye. Akitaka kujifunza acheze zile meza za bure, zisizo na senti, akijua kwamba kule kila mtu anafuata kila kitu na mkwara haupo. Na anunue daftari.

Jana amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mwandiko mkubwa, mistari imepinda, tarehe, saa, "wanafuata", "nimeliwa", na pembeni ameandika kwamba alikuwa amekula wali na samaki. Safu ya usingizi ameiacha wazi. Nimemwandikia kumwuliza alilala saa ngapi.